Jina Lako Kwenye Debe

Raheli, rafiki yangu,

Cheti kimekuja. Karani wa bomani ndiye aliyenisomea, maana kimeandikwa kwa Kiingereza, na alipomaliza akaniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia nimefurahi. Nikakikunja, nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikashika njia ya nyumbani huku upepo wetu wa Singida ukinirushia vumbi machoni. Katikati ya njia nikajikuta nakwenda mbio, kama mtu anayewahi kumpa mwenzake habari. Nilipofika mlangoni ndipo nilipokumbuka kwamba ndani hakuna wa kumpa.

Basi nimekaa, nakuandikia. Herufi hizi ni zile ulizonifundisha mwenyewe, kwa hiyo nikikosea mahali usinicheke. Mimi nilisoma zile za chuoni tu, za kutoka kulia, na mpaka leo mkono wangu unataka kuanzia upande wa pili.

Chumba chako cha uani sijampangisha mtu. Wamekuja watatu kukiuliza. Nawaambia paa linavuja.

Samli tunaendelea kupika. Nina wanawake wawili wanaonisaidia, dada na mdogo wake kutoka Sepuka, wachapakazi, wana adabu, wananiamkia kila asubuhi kabla hata sijanawa uso. Lakini wanapika huku wanaongea. Wewe ulikuwa huongei sufuria ikiwa motoni. Ulikuwa unainama, unasikiliza ile siagi inavyochatachata, na mimi nikitaka kuepua, unaniambia, "Bado inasema. Subiri inyamaze." Maji yakishakwisha ndani ya mafuta, sufuria inanyamaza yenyewe, na hapo ndipo unaepua. Nimewafundisha hivyo hivyo. Wanafanya vizuri. Ila hakuna anayenitazama usoni sufuria ikinyamaza, tukacheka bila sababu.

Nikueleze mambo kwa mpangilio, maana mengi yametokea tangu kaka yako Yona alipokuja na lori kukuchukua.

Siku ile sikupanda lori. Nilikuwa nimefunga sanda yako kwa mikono yangu, nimevaa tayari, na Yona akaniambia mbele ya majirani wote, "Wewe baki. Ulipomchukua akiwa mzima ulitosheka." Nilisimama pale barabarani mpaka lori likapotea nyuma ya yale mawe makubwa, halafu nikarudi kuzima moto jikoni, maana ulikuwa bado unawaka.

Baada ya arobaini, kwa hesabu yetu sisi Waislamu, nikaanza kupika tena. Madebe yakauzwa kama zamani. Watu walikuwa hata hawaulizi bei kwanza, wanauliza, "Ile ya Raheli ipo?" Unakumbuka tulivyobishana juu ya karatasi ya kubandika? Mimi nilitaka iandikwe "Samli Bora ya Singida" na basi. Wewe ukachukua wino, ukachora kibuyu kimeshikwa na mikono miwili, mmoja una bangili, mmoja hauna, ukaniuliza, "Unaujua wako?" Mimi nikachukua kalamu nikaandika chini yake Raheli, kwa herufi zangu mbovu za wakati ule, kwa sababu wanawake wa vijijini waliotuletea siagi walikuwa wameshaipa samli yetu jina lako bila kutuuliza. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Jina langu juu ya debe, kama mfalme juu ya senti!" Tukaipeleka kwa mpiga chapa Dodoma vilevile ilivyo, pamoja na ile R yangu iliyopinda.

Sasa, karibu na mavuno, bwana mifugo akaja. Yule yule anayekagua samli, unamjua, mpole. Safari hii hakuwa mpole. Aliweka debe mbele yangu, akalifungua, akasema, "Nusa." Nikanusa. Mafuta ya mkia wa kondoo, Raheli, yamechanganywa na samli kidogo ili kupata rangi. Nikatazama ubavuni mwa debe: kibuyu, mikono miwili, bangili, na jina lako. Hata ile R iliyopinda ilikuwepo.

"Bi Mwanahawa," akaniambia, "watu wa Manyoni wamelalamika. Nikikuta jingine kama hili nitakufungia jiko."

Nikaapa si letu. Akasema, "Mimi nasoma kilichobandikwa."

Haikunichukua siku mbili kujua yalikotoka. Ni Sefu, binamu wa marehemu mume wangu, mwenye duka karibu na soko. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa akikuita "mpangaji". Nikaenda kwake mchana, duka limejaa watu, nikamuuliza kwa upole. Hakukana! Alikuwa anapima sukari, wala hakuiacha.

"Shemeji," akasema, "mtu aliyekufa hana biashara. Jina limeanguka njiani. Mimi nimeliokota."

"Jina lina mwenyewe."

"Nionyeshe limeandikwa wapi kwamba ni lako."

Watu wakanitazama. Sikuwa na cha kuonyesha. Miaka yote ile tuliyopika, Raheli, hatukuwahi kufikiri kwamba picha tuliyoichora jikoni inahitaji kuandikwa mahali pengine zaidi ya kwenye debe.

Nikaenda bomani. Karani ni kijana wa Nduguti, amesoma, hana makuu. Akageuza karatasi yetu huku na huku akanieleza kwamba mbele ya serikali ile ni picha tu, kama picha ya ukutani, mpaka iandikishwe kwa Msajili wa alama za biashara Dar es Salaam. Unaandika ombi, unataja bidhaa yako ni nini, unabandika mifano ya alama. Wakiridhika wanaitangaza kwenye Gazeti la Serikali, na mwenye kupinga anapewa muda wa kupinga. Akiwapo, mnasikilizwa. Asipokuwapo au akishindwa, alama inaingizwa kitabuni kwa jina lako, na mtu mwingine akiitumia kwa samli unaweza kumshitaki. Nikamwambia aandike. Aliandika siku hiyo hiyo, mimi nimesimama karibu yake nikimkazia macho asikosee jina lako.

Majibu yalikawia. Msimu mzima wa kiangazi nilipika kidogo na kuuza kidogo. Kila debe la Sefu lililonuka, watu walisema, "Raheli siku hizi imeharibika." Walisema hivyo mbele yangu. Raheli imeharibika. Mara ya kwanza kusikia niliingia chumbani kwako nikafunga mlango.

Barua ilipokuja, ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, maneno "Samli Bora ya Singida" niliyoyaongeza kwenye ombi hawawezi kunipa, kwa sababu Singida ni ya watu wote, na bora kila mtu anaweza kujisifia. Hapo nilicheka peke yangu, maana ungepata la kunisimanga mwaka mzima. Picha wanaweza kuikubali, na jina pia. Lakini, na hili ndilo la pili, jina ni la mtu aliyefariki karibuni, kwa hiyo Msajili anataka idhini ya maandishi kutoka kwa familia yake.

Karani akanionea huruma. "Bi Mwanahawa, ondoa jina. Omba picha peke yake, mambo yatakuwa mepesi."

Shemeji zangu nao wakakutana, wakaniita. Mkubwa wao akasema kwamba nikitaka amani niweke jina la marehemu mume wangu, na Sefu atumie pamoja nami, tuwe nyumba moja. "Huyo Mnyiramba alikuwa nani kwako?" akaniuliza. "Si ndugu, si dini yako."

Nilitafuta neno la kumjibu. Kiswahili kina majina ya ndugu wote: shemeji, wifi, mkwe, binamu. Kwako wewe sikupata zaidi ya hili la rafiki, na nilipolisema lilionekana dogo, kama nguo ya mtoto. Nikaondoka. Wiki iliyofuata nikapanda lori la Kiomboi nikashuka Ulemo, kwenu.

Nilikuwa naogopa, sikufichi. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno na kuyapangua.

Mama yako alikuwa uani anapeta ulezi. Amepungua sana. Nikapiga goti nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, kwa sababu ni mtu wa adabu, lakini hakunipa kigoda. Yona alikuwa juu ya nyumba anapigilia bati jipya. Nilipoliona lile bati nilijua kabla ya kuambiwa. Sefu alikuwa ameshatangulia.

Yona akateremka. "Tumeshamkubalia mwenzako," akasema. "Amekuja kama mtu, na zawadi. Wewe umekuja na karatasi."

Mama yako akamwambia anyamaze. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikose hata neno moja:

"Mlichukua mikono yake. Sasa mnataka na jina?"

Raheli, yale maneno niliyoyapanga kwenye lori yote yalinitoka. Nilikuwa nimepanga kumweleza juu ya Msajili na Gazeti na mafuta ya kondoo. Badala yake nikajisikia nasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia kwamba mwanzoni mwa masika ile ulitaka kwenda nyumbani. Ulikuwa unakohoa kidogo, umeshafunga mzigo wako, unataka ukapumzike kwa mama yako mpaka mvua ziishe. Na mimi nikakuambia, "Tumalizie haya madebe ya Tabora kwanza, siku kumi tu." Ukafungua mzigo. Siku kumi zikawa wiki tatu, tukipika ndani kwa sababu ya mvua, moshi umejaa, na kile kikohozi kikashuka kifuani kikawa kichomi. Yona hakukosea aliyoyasema pale barabarani. Alikosea jambo moja tu. Sikukuchukua Ulemo, ulikuja kwa miguu yako. Ila nilikuzuia usirudi.

Mama yako aliweka ungo chini, akainuka, akaingia ndani. Nikabaki nimepiga goti pale, na Yona amesimama na nyundo mkononi, hanitazami. Baadaye kidogo akatoka mwanamke wa jirani, akaambiwa anipeleke kaburini.

Kwa hiyo nimefika, Raheli. Umelazwa mahali pazuri, panaelekea bondeni, na msalaba wa mti umeandikwa vizuri, nadhani ni mwalimu wa kanisani aliyeuandika. Sijui dua za kwenu. Nilisema zangu. Nikang'oa majani yaliyokuwa yameota pembeni, yote, mpaka kucha zikaniuma.

Nililala kwa yule jirani. Asubuhi, lori likiwa limeshapiga honi, mama yako alikuja mwenyewe mpaka pale nilipo, ameshika ile karatasi yangu ya idhini niliyoiacha uani kwake. Akaomba wino.

"Nitaweka dole," akasema. "Sikuweki moyoni mwangu, usidhani hivyo. Lakini yule mwenye bati hakunitajia mwanangu hata mara moja. Na jina la mwanangu likibandikwa kwenye mafuta yanayonuka, mimi ndiye mama yake."

Akaweka dole. Kisha akaniuliza kama ulikula vizuri siku za mwisho. Nikamwambia ulikunywa uji, na uliomba maziwa ya mgando ya kwenu, nami nikayatafuta mji mzima nikakosa ya kufanana na yale. Akaitikia kwa kichwa. Akageuka akaenda zake, na mimi nikapanda lori. Yona alikuwa amesimama barabarani. Hakunipungia, lakini alinipandishia mzigo wangu.

Yaliyobaki ni ya serikali. Alama ikatangazwa kwenye Gazeti. Sefu akapinga, kama nilivyojua. Akaandika kwamba yeye ndiye aliyeanza kuitumia, na kwamba familia imempa ruhusa. Karani akaniambia, "Sasa lete ushahidi kwamba mliitumia kabla yake." Nikakesha na wasiwasi siku kadhaa. Aliyeniokoa ni bwana mifugo. Alikuja jikoni na daftari lake la ukaguzi, lile analoandika madebe ya kila mtu, na humo, kurasa za nyuma kabisa, miaka kabla Sefu hajagusa samli, alikuwa amebandika karatasi yetu ya kwanza ili aitambue alama. Wewe ndiye uliyempa. Mimi sikukumbuka, yeye alikumbuka: "Yule mama wa Ulemo alinilazimisha niibandike. Akasema, siku moja utasahau sura zetu." Nakala ya ukurasa ule ikapelekwa Dar es Salaam kuungana na dole la mama yako lililokwisha kutangulia. Sefu alipopelekewa nakala, akaondoa pingamizi lake kabla hatujaitwa kusikilizwa. Alibandua karatasi zake dukani mwenyewe, mchana kweupe.

Watu wakasema nimeshinda. Labda. Lakini shemeji zangu hawapiti tena kwangu. Idd hii, kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ule ukoo, hakuna mtoto aliyekuja na sahani ya mkate. Nilipika pilau ya kutosha watu kumi kwa mazoea. Nikawapa wale dada wa Sepuka wapeleke kwao. Jioni nikaketi kibarazani, watu wanapita na nguo mpya, wananisalimia vizuri, wanaendelea na safari zao.

Nilikuwa nadhani cheti kikija kitaziba mahali. Nilijiambia, nikishalilinda jina lake nitapata usingizi. Sasa kipo mezani, kina muhuri, kina namba, na kimeandikwa kwamba mwenye alama ni Mwanahawa binti Juma, wa Singida, kwa samli. Mimi peke yangu. Niliuliza kama wanaweza kuandika wawili. Karani akasema kitabu hakiandiki marehemu. Akasema hivyo kwa upole, na akatazama dirishani ili nifute macho.

Kuna jambo jingine alilonisomea, na hilo ndilo ninalotaka ulijue kabla sijamaliza. Alama ikishaandikwa haidumu milele. Muda wake ukifika lazima iombwe upya, la sivyo inafutwa. Na hata kabla ya hapo, ikikaa muda mrefu bila kutumiwa kweli, mtu yeyote anaweza kwenda kwa Msajili kusema jina hili limelala, liondolewe. Nilimwambia arudie hayo mara mbili.

Basi nakuahidi hivi. Nitapika. Masika tutapika nje chini ya kibanda, nimeshakijenga, na mwanamke yeyote akikohoa anakwenda kwao siku hiyo hiyo, madebe yangoje. Mavuno yakiisha nitapanda lori la Kiomboi nimwamkie mama yako, anipe kigoda asinipe. Na muda wa kile cheti ukifika, nikiwa hai nitakwenda bomani kwa miguu yangu mwenyewe, na wakiniuliza kama bado kuna mtu anayelitumia jina la Raheli, nitawaambia yupo, anaitwa kila siku.

Lala, rafiki yangu. Mungu wako na Mungu wangu akutunze huko.

Ni mimi,
Mwanahawa